Baba, Hukuuza Mwirongi

Shikamoo Baba. Marahaba nimejiitikia mwenyewe. Ndiyo mazoea ya nyumba hii siku hizi, kila mtu anajihudumia.

Leo tumemaliza msiba wako. Wageni wameondoka, wamebaki nzi na masufuria. Nimejifungia jikoni, nimesema nasugua masizi, na kwa kuwa hakuna aliyejitolea kunisaidia, nina nafasi ya kuandika. Naandika kwa Kiswahili. Kihangaza changu ulikuwa ukisema ni cha mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, "ndivyo wasemavyo huko kwenu Nemba." Tena Kiswahili ni lugha ya ofisi. Ofisini mtu halii hovyo.

Kwanza habari za hapa, kisha nitafika kwenye jambo lenyewe. Usinisukume.

Ile miti laini ya bondeni uliyokuwa ukikata kutengenezea mirongi, zile filimbi za wachungaji, imekwisha. Wakimbizi walikata kuni, na sisi tulikata kuni za kuwauzia wakimbizi, halafu tukawalaumu wao. Warundi bado wapo kambini, ila Wanyarwanda waliondoka wote. Pale Benaco, kambini kwao, tulipokuwa tukikanyagana kama ng'ombe mnadani ni nyasi na mashimo ya vyoo. Ukipita na mbuzi, mshike kamba. Mwanao, mume wangu, anaziba pancha za baiskeli. Siku moja alichukua kipande cha bomba la maji la plastiki, akakitoboa kwa chuma chako, akapuliza. Mbuzi wa jirani walikuja mbio. Mama alimwambia akiweke chini kabla mwenye mbuzi hajafuata. Hakuna mwingine aliyejaribu.

Sasa nasogea.

Unakumbuka sharti lako. Mwirongi mpya hukuupuliza hata siku moja. Uliugonga gotini, ukausikiliza, ukausogeza mbali, ukausikiliza tena, kisha ukanikabidhi nikauuze, ili mnunuzi awe wa kwanza kuutia pumzi. Aliyetaka usikike kwanza ndipo aamue, ulimjibu, "Wewe umeshamsikia mtoto kabla hajazaliwa?" Na mwirongi uliokwisha pulizwa hauuzwi. Ulisema una pumzi za mwenyewe ndani yake, ukiuuza umeuza na mtu. Mimi niliitikia, "Ndiyo Baba," nikabeba kikapu. Kuitikia ni rahisi ukiwa mkamwana.

Biashara yetu ya Benaco ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe kwa neno hilo. Wachungaji waliovuka mto bila ng'ombe walinunua mirongi ya kuchungia ng'ombe wasiokuwapo. Walitoa maharage, sabuni, mafuta ya msaada. Wengine walipuliza hapo hapo mbele yangu, wakafika katikati ya wimbo, wakaacha, wakakaa chini kwenye vumbi. Nilijifunza kutowatazama. Nilitazama maharage.

Siku moja akaja mzee mmoja mrefu, shati limefungwa kifungo kimoja. Yeye hakuja kununua. Alikuwa na mwirongi wake mwenyewe, umekuwa mweusi kama chungu, mdomoni umelika kwa midomo ya miaka yote, unanuka maziwa. Mke wake alikuwa amelala kwenye hema, hajui mchana wala usiku. Akaniambia, "Binti yangu, siuzi. Niwekee. Nipe maharage, nitarudi kuuchukua." Nikampa kopo la maharage na mkungu mdogo wa ndizi. Nikamwambia nyumbani kwetu ni Mugoma, nikakutaja wewe, maana jina lako lilijulikana na langu halikujulikana hata na karani wa soko. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nikauficha ule mwirongi ghalani, chini ya mtama. Sikukuambia. Nilijua ungenituma niurudishe, na maharage ungeniambia nimwachie.

Mwirongi ule ulikaa ghalani msimu mzima wa mvua. Halafu akaja dereva wa lori la mahindi, mtu wa mbali, mwenye miwani ya jua hata chini ya mawingu. Alitaka mwirongi mmoja wa kuning'iniza kwenye kioo cha lori. Kikapu changu kilikuwa kitupu. Kwa wakati ule ulikuwa mgonjwa wa kifua, huwezi kushika chuma. Akasema, "Mama, ukiwa nao wowote ule, nitakupa turubai zima." Paa letu ulikuwa unalijua, Baba. Mvua ilikuwa ikiingia bila kubisha hodi.

Nikaenda ghalani. Niliusugua ule mwirongi kwa mchanga, nikausugua kwa majivu, nikaupaka samli hadi ukang'aa kama umetoka mikononi mwako asubuhi ile. Harufu ya maziwa haikutoka yote. Dereva akaunusa, akaniuliza, "Mbona unanuka ndama?" Nikamjibu, "Ndivyo wa asili unavyonuka." Akafurahi. Akaondoka nao.

Lile turubai ndilo ulilolala chini yake hadi ukapona. Uliniambia nina akili ya soko. Nilishukuru.

Kisha ule mwaka Wanyarwanda walipoambiwa warudi kwao, na barabara ikajaa watu kama imefurika, yule mzee akaja. Alikuwa ametembea kutoka Benaco hadi Mugoma. Mke wake hakuwa naye, na sikuuliza. Alikuwa amefunga maharage kwenye kitambaa, kopo moja sawasawa, na mkungu wa ndizi ameubeba begani. Nilikuwa hapa hapa jikoni, mlango wazi. Nilimsikia akikuamkia, nikasikia akisema, "Mkamwana wako ameniwekea mwirongi wangu. Nimekuja kuuchukua, tunavuka kesho."

Ulinitazama. Mimi nikatazama chungu. Sijawahi kuangalia uji kwa makini kama siku ile.

Hukuniuliza kitu. Uliinuka kwa taabu, ukaingia chumbani, ukatoka na mwirongi wako. Wako mwenyewe, uliorithi kwa baba yako, ule hata mume wangu hakuruhusiwa kuufuta vumbi. Ukampa kwa mikono miwili. Ukamwambia, "Huu hapa, mzee mwenzangu. Umetunzwa."

Yule mzee aliupokea, akaupitisha kidole kwenye matundu. Baba, mchungaji gani asiyeujua mwirongi wake? Yeye alijua. Alikutazama, akanitazama mimi kwenye moshi, akarudi kukutazama wewe. Kisha akasema, "Ndio huu." Wazee wawili mlidanganyana mchana kweupe, kwa ajili yangu, kisha mkaagana kama ndugu. Na ndizi mkazila pamoja.

Sikusikia tena ukipuliza. Watu walikuomba kwenye harusi, ukasema kifua. Nikasema na mimi, kifua.

Ulipokufa, tukakuweka uani kabla ya kukupeleka shambani. Kwa desturi, ndugu wa marehemu huupuliza mwirongi wake mara moja, kisha humkabidhi mrithi. Baba mdogo akanyoosha mkono, "Leteni mwirongi wa kaka." Mume wangu akaingia chumbani, akatoka mikono mitupu, akaingia tena. Baba mdogo akasubiri, kisha akasema mbele ya watu wote, "Basi ameuuza. Kaka kauuza apate pombe." Kuna waliocheka, kile kicheko cha msibani cha kufunika mdomo. Wewe, ambaye ulikuwa ukinywa nusu chupa ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kumwachia mwenzio iliyobaki! Mimi nilikuwa nimebeba ndoo ya maji kichwani. Nilipita katikati yao na ndoo yangu, sikumwaga hata tone.

Tangu siku hiyo ndivyo unavyotajwa. Kilabuni wanasema, "Usinywe kama yule wa mirongi." Mume wangu akisikia hugeuza baiskeli. Nami nikawa nahesabu kila siku: nikisema, nitafungashiwa nirudi Nemba, na watoto watabaki. Kwa hiyo nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri sana, nilikuwa fundi wa kunyamaza.

Leo, walipomaliza kunyoana nywele za msiba na baba mdogo akasimama kugawa vitu vyako, alifika kwenye chuma cha kutobolea, akasema, "Angalau hiki hakikupelekwa kilabuni." Wakacheka tena. Nikasimama. Nikasema yote: kopo la maharage, mchanga, majivu, dereva, na wewe mlangoni kwa mikono miwili. Nilisema kwa Kihangaza, na kiazi changu mdomoni. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mume wangu alitazama chini. Hajanisemesha hadi sasa, na sijui kesho ataniambia nini. Baba mdogo alikiweka kile chuma taratibu, akatoka, nikamwona kupitia mlangoni amesimama shambani kwenye kaburi lako na kofia mkononi. Aliporudi alisema tu kwamba palizi ya shamba lako mwaka huu ataifanya yeye. Nadhani kwake huko ndiko kuomba radhi.

Mama ndiye aliyenimaliza. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua hata macho. Akasema, "Aliniambia siku ile ile. Akanikataza nisikutaje. Nilikuwa nangoja uchoke kunyamaza."

Miaka yote hiyo alijua, Baba. Na tangu mazishi alikuwa akipita kilabuni, anawasikia, anaendelea na safari yake.

Sikuombi msamaha. Uliutoa kabla sijauomba, nami nikautumia vibaya, kama mahindi ya msaada. Nitakupa ahadi. Nikibaki hapa au nikirudishwa kwetu, wajukuu zako watakaponiuliza kwa nini babu yao alizikwa bila mwirongi wake kupulizwa, sitasema kifua, sitasema pombe. Nitawaambia niliuza pumzi za mzee aliyeniamini, na babu yao akalipa kwa za kwake. Nitalisema hilo nikiwa nimewatazama usoni.

Lala, Baba. Nimebakiza sufuria moja.