Kabla Hujasaini kwa Watu wa Kuku

S.L.P. 214,
Babati,
Manyara.
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Theodori,

Marahaba. Nimeitikia kabisa, maana najua shikamoo yako iko njiani tangu Pasaka. U hali gani huko Kahama? Ule mgongo umepona, au bado unabeba magunia mwenyewe kama vile vijana wa kubeba wamekwisha? Shemeji Hosiana na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Baba Anjela anakohoa kidogo kwa vumbi, ila hamu ya kula iko palepale. Mahindi ya Sigino yamekauka vizuri, na wiki ijayo tunaanza kuvuna.

Nakuandikia barua, tena nampa kondakta wa basi akuletee mkononi, kwa sababu kwenye simu tumeshindwana. Kila nikitaja neno mkataba, mtandao wa Kahama unakatika. Nikitaja harusi ya mtoto wa shangazi, unarudi. Kwa hiyo kaa chini usome, na usimpe Hosiana akusomee kwa kifupi.

Fomu yako imefika. Unataka nisaini kwamba naridhia shamba la baba la Sigino liwe dhamana, ili Jumamosi hii ununue tawi la Kuku Shangwe hapo Kahama. Theo! Kuku Shangwe hao hao! Na shamba ambamo mama amelala! Nilikaa jikoni nikacheka, halafu nikalia, halafu nikaunguza mchuzi.

Kosa ni langu. Mwaka juzi nilikutumia picha nimevaa fulana ya njano nakata utepe, ukafikiri dada yako ametajirika. Yaliyofuata sikukuambia. Leo nakuambia yote.

Hii biashara ya kukodi jina, wenyewe wanaiita franchaizi, iko hivi. Pango unalipa wewe, wafanyakazi ni wako, na hasara ni yako. Jina ni lao. Unalipa ada ya kuingia, halafu kila mwezi unawakatia asilimia ya mauzo. Ya mauzo, Theo, siyo ya faida. Kuna mwezi niliuza kuku huku natoa machozi, na wao wakachukua chao bila hata kuniambia pole.

Halafu kuna kitabu cha mwongozo. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nane, mzee wa kanisa, nilivaa kofia yenye shungi jekundu la jogoo. Mwongozo unataka hivyo. Tena mteja akiingia tu, kabla hazijapita sekunde tano, lazima aambiwe, "Mambo! Upo tayari kwa shangwe?" Binti yangu wa kaunta, Dorika, akamwambia hivyo Mzee Zabron wa Nangara, yule aliyembatiza baba. Mzee akasimama, akamwangalia, akaniangalia mimi na shungi langu, akageuka akaondoka. Ilibidi niende kwake Jumapili na sukari kilo mbili kuomba radhi.

Na kuku wenyewe! Wanatoka Dar wamegandishwa, wagumu unaweza kumpigia mwizi. Kununua kwingine ni marufuku. Watu wa hapa unawajua. Mmoja akaniuliza mbele ya wateja, "Mama Anjela, huyu kuku alikufa lini?" Ningemjibu nini? Sikuwepo.

Basi nikaanza kupitisha kuku wa kienyeji kutoka Sigino kwa mlango wa nyuma. Nakiri. Anayemtaka wa kampuni anapewa, na mwenye akili zake anapewa wa kienyeji na ugali. Duka likajaa. Mmbulu anakula, Mrangi anakula, madereva wa malori wanakula wamesimama.

Siku moja akaja kijana mmoja mwembamba, vumbi mpaka kwenye kope, akasema anasubiri basi la Singida. Akaagiza wa kampuni vipande viwili. Mdogo wangu, nilimwonea huruma. Nikamnyang'anya sahani mkononi. Nikamwambia, "Mwanangu, hiki usile, una safari ndefu." Nikamletea kienyeji. Alikula, akaongeza ugali, akaongeza mchuzi, akalegeza mkanda. Akalipa, akaaga, akavuka barabara. Baada ya dakika kumi akarudi na kitambulisho shingoni. Anaitwa Allen, mkaguzi kutoka makao makuu.

Wiki iliyofuata ikaja barua. Makosa saba. La kwanza, kuuza chakula cha kiwango cha chini kisichofaa kwa mlaji. La saba, kumpokonya mteja bidhaa ya kampuni na kuisema vibaya. Nimepewa siku thelathini nijirekebishe, la sivyo wananifungia, na nikifungiwa nisiuze kuku aliyepikwa popote ndani ya kilomita hamsini kwa miaka miwili. Kilomita hamsini, Theo! Ningehama na sufuria zangu mpaka wapi? Na nyumba yetu ya Nangara ndiyo iliyokuwa dhamana ya majiko yao. Baba Anjela hakunigombeza. Alianza tu kupima chumba cha nyuma cha mama yake, kama kitanda chetu kitaingia. Hapo ndipo nilipoumia kweli.

Nikampelekea mkataba wakili Amira, binti wa Mzee Rehani mwenye duka la vitambaa. Kurasa sitini na nne, zote Kiingereza. Akausoma siku mbili, akaniita. Akaniambia nchini kwetu hakuna sheria maalumu ya biashara hizi, tunategemea sheria ya mikataba, kwa hiyo ulichosaini ndicho kinachokubana. Ila kinawabana na wao. Kumbe ukurasa wa kumi na moja unasema mji wote wa Babati ni eneo langu peke yangu! Na wao walikuwa wameshamfungulia mtu mwingine tawi Bonga, ndani ya mji huu huu. Nilikuwa nalipita lile tawi kila Alhamisi nikienda kwenye kikundi, nawapungia mkono, nasema hongereni.

Amira akauliza kama nina ushahidi wowote kuhusu siku ya ukaguzi. Nikamwambia sina, labda kitabu cha wageni. Akashangaa. Sasa mimi nimekuwa karani wa ofisi ya kata miaka ishirini na mbili, mtu ataingiaje mahali pangu asisaini? Kitabu kipo mlangoni, kina mistari: tarehe, jina, anakotoka, sababu ya kuja, maoni, sahihi. Wateja wote wanasaini, hata walevi. Tukafungua. Na yeye Allen, kwa mazoea ya watu wa ofisi, kabla hajavuka barabara alikuwa amejaza kila kitu. Anakotoka: makao makuu. Sababu ya kuja: kikazi. Maoni: "Kuku wa kienyeji ni mtamu kuliko wetu. Hongera mama, usibadilishe." Na sahihi yenye mkia mrefu.

Amira alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, kuku wa mlango wa nyuma ni kosa lako kweli, mama, usijidanganye, ila na wao sasa wana la kujibu. Akawaandikia. Wakaja watu wawili wenye tai. Allen alikuwepo, kitabu kikawekwa mbele yake, akakiangalia kama anaona mwandiko wa marehemu. Wakakubaliana hivi: natoka kwa hiari, wanachukua majiko yao, nyumba inaachiwa, na ile ya kilomita hamsini inafutwa kwa maandishi. Ada ya kuingia imekwenda na maji. Juzi fundi alipandisha kibao kipya, Mama Anjela Kuku wa Kienyeji, na Mzee Zabron ndiye aliyekula wa kwanza.

Sasa wewe. Sikukatazi biashara, wapo wanaofanikiwa nayo. Lakini kabla ya Jumamosi waombe orodha ya wenye matawi wengine, uwapigie, hasa walioacha. Uliza eneo lako linaishia wapi, mkataba ni wa miaka mingapi, ukitaka kuuza tawi wanakuruhusu, na siku ya kuachana unatoka na nini. Wakikuambia hakuna muda wa kusoma, ujue wao wameshasoma.

Na kuna jambo moja sijamwambia mtu, hata Baba Anjela. Utafikiri sikuusoma ule mkataba kwa uvivu. Siyo. Niliusoma ukurasa wa kwanza mara tatu pale ukumbini siku ya kusaini, sikuelewa. Bwana mmoja wa kampuni alikuwa amenishikia kalamu, watu wanapiga makofi, na wote wananijua mimi ndiye karani, mimi ndiye niliyesomea ukoo mzima barua, mimi ndiye niliyekufundisha wewe herufi. Niliona aibu kusema sielewi. Nikasaini nyumba ya mume wangu kwa sababu ya aibu, Theo.

Kwa hiyo Ijumaa napanda basi la alfajiri nakuja Kahama. Jumamosi nitakaa kando yako, mbele ya hao watu, na nitasema kwa sauti, "Mimi sielewi Kiingereza hiki, tusomeeni kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa." Wewe hutalazimika kusema chochote. Aibu yote nitaibeba mimi, nimeshaizoea.

Msalimie sana Hosiana, umwambie asihangaike na wali, ugali unatosha. Wasalimie Vitus na Domina, shangazi anawaletea karanga. Baba Anjela na Dorika wanakusalimu. Mungu wa baba na mama awatunze, na aushike mkono wako usiguse kalamu mpaka nifike.

Dada yako akupendaye mno,
Dorothea (Mama Anjela)