Msiwape Watoto

Area D, Dodoma
Jumapili, mwezi wa saba

Dada yangu Joha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Tunduma, mgongo umepunguza kuuma na wateja wako wa chakula bado hawajakukimbia. Sisi huku tu wazima kiasi. Mama Iddy amerudi kazini baada ya malaria iliyomlaza, na Iddy ameota meno mawili ya mbele, sasa anamchekea kila anayepita. Upepo wa kipupwe umeanza. Vumbi linaingia hadi kwenye kopo la sukari.

Utashangaa kuletewa bahasha na kondakta wa basi wakati simu ipo. Nina sababu. Kila nikikupigia kukueleza ya nyumbani, unakata katikati na kumpigia Mama, na simu ya Mama siku hizi inashikwa na Hana. Sitaki mwanao aulizwe maswali kabla hujajua jambo lote. Nakuomba usome hadi mwisho, ndipo upige.

Nianze na warsha. Mwezi wa tano mhariri alinituma ukumbini mjini, ambako watu wa mradi mmoja wa utafiti walikuwa wanatoa matokeo. Mradi wenyewe unaujua. Ni wale waliokuja kijijini kwetu Chemba na gari jeupe, wakapima watoto urefu na uzito, na kuwafundisha akina mama habari za sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Wewe ndiye uliyempakata Hana walipomtoa damu mara ya kwanza, kabla hujasafiri na kumwacha kwa Mama.

Nilikaa na waandishi wenzangu bila kusema kwamba pale ni kwetu. Picha ya pili ukutani ilikuwa ya mikono juu ya ungo, inachambua punje. Niliitambua kabla sijaona uso, kwa kile kidole cha shahada cha Mama kilichopinda. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba bibi huyo anachambua kama aliyepoteza sindano. Nikamwambia ndivyo alivyo.

Kiongozi wa utafiti, Daktari Elisante, ni mtu wa maneno machache na hakukuza mambo. Alisema watoto wa vijiji vilivyofundishwa kuchambua na kuanika juu ya turubai walikutwa na sumu kidogo sana katika damu, na walirefuka kuliko wenzao. Tofauti ya urefu ni ndogo, akasema, lakini ipo. Ulipofika wakati wa maswali nikauliza zile punje zilizotolewa kwenye ungo zilikwenda wapi. Akajibu kwamba kina mama walielekezwa wazifukie au wazichome. Nyuma yangu mtendaji wa kijiji kimoja akacheka, halafu akasema kwa sauti, "Mwandishi, mwaka ule mvua ilikatika mwezi wa pili. Nani huyo alikuwa anafukia mahindi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Daktari Elisante hakucheka. Alisema utafiti ulikuwa wa watoto wasiozidi miaka mitano, kwa hiyo waliopimwa ni hao. Watu wazima hakuna aliyewapima, na hakuna aliyewauliza. Nikaandika hivyo. Habari yangu ilitoka siku ya pili ikisema watoto wa Chemba wanarefuka. Swali na jibu lake havikutoka, waliniambia nafasi ilikuwa finyu.

Sasa Mama. Tangu mwezi wa Ramadhani alikuwa analalamikia maumivu ya upande wa kulia, na zahanati wakawa wanampa dawa za vidonda vya tumbo. Nilipokwenda mwanzoni mwa mwezi wa sita nilimkuta kitandani, amefunga khanga juu kabisa, chini ya matiti, kwa sababu tumbo lilikuwa limejaa. Macho yalikuwa ya njano. Alipoona ninavyomtazama akasema amenenepa kama wabunge wetu huko mjini.

Nilikuja naye hospitali. Daktari, binti mdogo kuliko sisi, alinionyesha picha ya ini na kunieleza taratibu. Ni saratani, na imesambaa. Hakuna kupasua. Kuna dawa ya maumivu, na kuna kutoa maji tumboni kila yanapojaa. Nilipouliza muda, hakunipa tarehe, ila alisema nisipange jambo lolote la mavuno yajayo nikimhesabu na yeye. Nikauliza habari za mahindi. Akasema kwa mgonjwa mmoja hakuna anayeweza kuapa kwamba sababu ni hii. Mama pia ana virusi vya homa ya ini, pengine tangu utotoni, na mtu mwenye virusi hivyo akila sumukuvu miaka mingi, hatari inakuwa kubwa kuliko ya kimoja peke yake. Nakuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza.

Mama alikataa kukaa Area D. Anataka kuwa karibu na kaburi la Baba, na hilo hajadiliani na mtu. Nikamrudisha nyumbani, na jioni ile, jirani yetu Yasinta akiwa amekuja kumpa pole, nikamuuliza Mama swali nililouliza ukumbini. Zile punje mbovu alikuwa anazipeleka wapi?

Alinijibu kwa lugha yetu, kama kawaida yake anapotaka asikatizwe. Alisema Kiswahili yeye alijifunza ukubwani, mnadani, kwa hiyo mtu akimsemesha Kiswahili husikiliza neno moja moja na hulishika kama lilivyotoka. Mwalimu wa mradi alisema, "Punje mbovu msiwape watoto." Bango la pale zahanati lilisema hivyo hivyo, na picha ya mtoto. Basi hakuwapa watoto. Hakumpa Hana hata punje moja. Alizitia kwenye ndoo yake, akazianika tena, na siku ya kwenda mashine alizisaga mwisho ili zisichafue unga mzuri. Huo ndio unga aliokula yeye, mwaka baada ya mwaka.

Yasinta akadakia kwamba si Mama peke yake, kijiji kizima ndivyo kinavyofanya. Unga ule una jina, unaitwa "ya wakubwa". Hata msibani, akasema, mtu akiletewa sahani anauliza kwanza kama ni ya watoto au ya wakubwa, na wazee wakionja uchungu wanataniana kwamba kweli wamekua. Alicheka sana, kisha akaona mimi sicheki. Naye anakula hiyo, na mumewe, na mama mkwe wake.

Nilimuuliza Mama kama hakuambiwa kwamba ni sumu. Akasema aliambiwa, na alielewa.

"Walisema inaua polepole," akasema. "Nikaona kwa polepole hiyo, Hana atakuwa ameshajua kusoma."

Dada, kazi yangu miaka yote hii ni kuwa na swali linalofuata. Lililofuata halikuwa la Mama.

Nilimpigia Daktari Elisante. Sikumpigia kwa ugomvi, na naye hakujitetea. Alikuja na gari lake mwenyewe, kwa sababu magari ya mradi yalirudishwa mwaka jana wafadhili walipoondoa fedha. Vile vipima unyevu walivyokuwa wanazungusha kijijini vimefungiwa stoo, na yule mwalimu amepata kazi ya mikopo Singida. Daktari aliketi kwenye kigoda kando ya kitanda akasikiliza yote, mimi nikitafsiri pale Mama aliporudi kwenye lugha yetu. Mwishoni akasema ile sentensi aliiandika yeye.

"Tuliijaribu kwanza kwa akina mama, Mama yangu. Wakasema inaeleweka."

"Ilieleweka," Mama akamjibu.

Daktari alitoa daftari mfukoni. Kisha akasema ataandika maombi ya utafiti mwingine, wa watu wazima, ingawa hajui nani ataulipia, na akaomba damu ya Mama na ya majirani wachache ili awe na cha kuonyesha. Mama alikubali mara moja. Alitoa sharti moja, kwamba safari hii sabuni wanayopewa watoa damu kama ahsante iwe ya kuogea, maana ile ya zamani ya kufulia iliwababua. Daktari Elisante alicheka na Mama akacheka, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia Mama akicheka kwa sauti. Damu ilichukuliwa. Mpaka leo iko kwenye jokofu hapa mjini, haijapimwa, kwa sababu vipimo havina fedha. Mimi niliandika habari nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Mhariri anasema ni nzuri, anasubiri kauli ya wahusika. Wahusika wanasema wanalifuatilia. Unajua maana yake.

Kabla ya kuondoka nilichukua ile ndoo ya Mama, nikaimwaga nyuma ya nyumba na kuwasha moto. Mama aliutazama moshi kupitia dirisha. Yasinta alisimama mlangoni kwake, amekunja mikono kifuani. Nikaacha agizo kwamba nitaleta unga kila mwisho wa mwezi, na kwamba mtu yeyote nyumbani asiguse tena ya wakubwa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue karatasi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda bila kutoa taarifa, na kiroba cha sembe kutoka sokoni hapa. Nikwambie na hili, kwamba sembe hiyo nayo sijui ina nini, kwa sababu mwenye duka aliyeniuzia hajui na sikuona anayeipima. Nilifika mchana. Mama alikuwa amelala kwa ile dawa. Hana alikuwa jikoni, anapika. Ndiye anayepika tangu Mama aliposhindwa kuamka. Aliniamkia vizuri, akafuta kigoda nikae.

Mafigani kulikuwa na sufuria mbili. Katika ndogo kulikuwa na ugali mweupe. Katika ya pili ugali ulikuwa wa kijivu, na mlenda umefunikwa pembeni. Nikamuuliza kwa nini anapika mara mbili. Alinijibu kama anayejibu darasani.

"Mweupe wa Bibi, Mjomba. Mgonjwa ndiye anakula mzuri. Mimi nakula ya wakubwa."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu Bibi alale. Mwezi mkavu wa mavuno ulikuwa mmoja tu, na mahindi mengine yalinyeshewa shambani, kwa hiyo ukichambua, yanayobaki kwenye ungo hayatoshi watu wawili. Zile punje nilizochoma? Yasinta alimpa nyingine. Na unga niliouleta mwezi uliopita? Nusu alimpelekea Yasinta kwa ajili ya wajukuu, kwa sababu hao bado watoto. Nikamwambia yeye pia ni mtoto. Nikamwambia kile anachokula ni sumu, na ndicho kilichomlaza bibi yake. Hilo la mwisho daktari hakulisema, nililisema mimi, kwa kuwa sikupata njia nyingine ya kumtisha. Hakutishika. Alisema sumukuvu wamefundishwa shuleni, kwamba wasipewe watoto.

"Lakini mimi napika, Mjomba," akasema.

Alisema hivyo huku akipakua. Akatenga sahani ya Mama, akaifunika, kisha akaketi na kuanza kula yake. Nilimnyang'anya sahani ile. Alinitazama tu, akasubiri nimwambie atakula nini.

Mama hajui. Anadhani wote wawili wanakula sembe yangu. Nikimwambia, ataacha kula kabisa, na hilo wewe unalijua kama mimi. Nilimwambia Hana ajiandae nije naye mjini, akaniuliza nani atamgeuza Bibi na kumpa maji. Yasinta ana wagonjwa wake, mama mkwe ameanza kulalamikia upande ule ule. Nilimpigia Daktari Elisante nikitaka angalau Hana apimwe. Akaniambia jina la Hana lilitoka kwenye utafiti alipofikisha miaka mitano, na baada ya hapo hakuna anayemfuatilia.

Kwa hiyo nakuomba uje, Joha. Funga kibanda, uje mwezi huu, ukae na Mama mpaka mwisho, halafu uondoke na mwanao. Siwezi kukuahidi kwamba ukija kutabadilika kitu kwa Mama, hakutabadilika. Kwa Hana sijui, na sijampata anayejua. Unga nitaleta. Lakini nimeshaona kwamba nikileta kiroba kimoja kinagawanywa, na nikileta viwili vitagawanywa, na siwezi kumlaumu mtoto kwa kufanya alivyoona bibi yake akifanya.

Sasa unaweza kupiga simu. Nakusihi usimgombeze.

Mama Iddy anakusalimu sana na anasema kitanda kipo ukifika usiku. Yasinta naye anakusalimu. Mama anakuombea dua, na anasema usijisumbue kubeba chochote, kila kitu kipo. Hana anakuamkia. Ameniagiza nikuambie usimhofie, yeye sasa ni mkubwa.

Mdogo wako,
Hashimu