Hita Iliyokuwa Ikikulilia

Shemeji Candia,

Ni mimi Drani, kaka wa mke wako. Huko ulipo usianze kucheka kabla sijafika mstari wa pili. Najua ungesema kama kawaida yako, "Shemeji, gawanya kwa tatu, itakayobaki ndiyo tuamini." Leo hapana kugawanya. Leo naandika habari ya hita yako ya maji pale nyumbani kwako Awindiri, mjini Arua, na shahidi wangu ni dada yangu Driwaru, ambaye unajua hajawahi kunitetea maisha yake yote.

Tangu tukuzike, mambo yamekwenda. Mbuzi wako mweusi amezaa. Kiti chako kiko palepale, watu wanakizunguka tu. Na mimi ndiye fundi mkubwa wa mabomba Koboko nzima, maana ulipoondoka nafasi ilibaki wazi, na mtu mwenye akili haachi nafasi wazi. Hata Wakongo wanavuka mpaka kunitafuta. Juzi nilisukuma maji yakapanda kilima yenyewe, yakafika juu yakiwa hayajachoka. Haya, hiyo gawanya. Ya hita usiiguse.

Unakumbuka ulivyoifunga ukutani juu ya bafu, mimi nimeshika ngazi? Ukanionyesha ile vali ndogo ya shaba yenye mkono mwekundu, ile tunayoita sefti. Ukasema, "Hii ndiyo pua yake. Maji yakipata moto yanavimba, yakikosa nafasi yanatokea hapa. Ukiziba pua ya mtu, afanye nini?" Nikajibu kwamba atapumua kwa mdomo. Ukacheka mpaka spana ikakuponyoka. "Hita haina mdomo, shemeji. Itapasuka, na ukuta itaondoka nao."

Basi, baada ya mazishi ile sefti ikaanza kudondosha maji. Tone, tone. Driwaru akaweka beseni chini. Wanawake waliokuja kulala matanga wakaona, wakasema hita inamlilia aliyeifunga. Nani angebisha? Mimi mwenyewe niliposikia habari hiyo kwa simu, niliiamini. Ningeuliza swali moja tu la fundi, tone ni la moto au la baridi, ningejua kila kitu. Sikuuliza. Nilikuwa nakulilia na mimi. Dada akakataza watu kuigusa. "Mkono wa Candia ndio uliifunga. Mkono wa mwingine usiifungue."

Halafu tukakutana kuvunja matanga. Shangazi yako Mama Feza akavuka kutoka Kongo. Unamjua, akishaamua jambo hata mvua inasubiri. Wazee walipotamka kwamba kilio kimekwisha, yeye akaingia bafuni, akalikuta beseni. "Mutu akishalala, machozi inaisha! Hii chuma inalia mpaka lini?" Akachonga kijiti, akapanda juu ya stuli na umri wake ule, akakigongelea kwenye mdomo wa sefti kwa jiwe, akakaza na mpira wa baiskeli. Akatoka kifua mbele, wanawake wakampigia vigelegele. Kwa heshima yako, shemeji! Waliiziba pua ya hita kwa heshima yako.

Mimi nilikuwa uani nawasimulia wanaume habari za kile kilima. Nikaingia kunawa mikono. Nikasikia hita inanguruma kama sufuria ya maharage iliyokandamizwa na jiwe. Taa nyekundu inawaka. Namuuliza Driwaru, ananiambia taa hiyo haizimi siku hizi, usiku na mchana. Nikaelewa. Thamostati, kile kidude cha kukata umeme maji yakishapata moto, kilikuwa kimekufa. Hita ilikuwa inapika bila kukoma, na yale matone hayakuwa machozi. Ilikuwa sefti inaiokoa nyumba yako, tone kwa tone. Sasa wameiziba, na nyuma ya ukuta ule watoto wako wamekaa wanakula.

Fundi mwingine angerukia kung'oa kijiti, akavishwa shati la maji yanayochemka. Mimi si fundi mwingine. Nikageuka kwenda kuzima umeme kwenye swichi kubwa. Driwaru akasimama mlangoni. "Drani, usiguse kitu cha mume wangu. Wewe na hadithi zako!"

Shemeji, hapo ndipo niliposikia uzito wa hadithi zangu zote. Nina maneno ya kujaza soko la Arua, na hakuna hata moja ambalo dada yangu angeliamini. Basi nikasema ya kwako. Pua. Kuvimba. Hita haina mdomo. Sikutia chumvi hata punje. Akanitazama, akaijua sauti yako ndani ya maneno yale. Akaenda akaizima swichi yeye mwenyewe, akapaza sauti, "Tokeni wote! Nje!" Mama Feza akasema hatoki kwa ajili ya birika. Tukambeba na stuli yake, anatutukana mpaka barabarani.

Tukangoja chuma kipoe, na hatukuharakisha. Nikafunga maji yanayoingia, nikafungua bomba la moto ili presha itoke, ndipo nikapanda ngazi. Kijiti kilikuwa kimekaza kama jino. Sefti iliyokwisha kuzibwa haiaminiki tena, nikaweka mpya na thamostati mpya. Nikaifungia bomba la kushuka mpaka nje uani, ili ikitaka kutema iteme mbele za watu. Siku hizi nikiitwa kwenye hita inayovuja, naligusa tone kwanza. La moto na taa haizimi, ni thamostati. La baridi, tena halikomi, ni presha ya bomba au uchafu uliokaa ndani ya sefti. Machache tu wakati maji yanapashwa, hiyo ni pumzi, iache ipumue.

Nilipomaliza, nyumba ikanyamaza. Driwaru akasema, "Kimya sana." Nikalichukua beseni, nikamwaga maji yake uani. Asubuhi yake akaoga maji ya moto, akatoka, akaniambia, "Sasa hiyo ni kazi yako. Ukishuka Arua uwe unaitazama." Nimepewa vyeo vingi, vingine nilijipa mwenyewe. Hicho amenipa yeye.

Mama Feza amerudi Kongo, na huko anasimulia kwamba ni yeye aliyeiokoa nyumba. Nimemwacha. Anasimulia vizuri.

Pumzika, shemeji. Watoto wako wazima, na dada yangu ameanza kulala usingizi. Nitakuwa nashuka kutoka Koboko kuinua mkono mwekundu wa sefti mpya, nione maji yanatoka vizuri, mpaka siku mkono wangu nao utakapolazwa karibu na wako.

Shemeji yako,
Drani