Niwekee Jembe la Baba

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha tele. Magoti yako yanaendeleaje na hiyo baridi ya Kabazi? Na mahindi, mmeshavuna yote? Tangu zile ghasia za huko nyumbani mwanzo wa mwaka, simu ikilia hapa Leeds moyo wangu hushtuka. Lakini leo nina habari njema.

Daktari ameniachisha dawa za presha. Alinipima mkono wa kulia, akarudia wa kushoto, akaniuliza, "Umefanya nini?" Nikamwambia naenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, chipsi nimeacha, na sukuma wiki nimepanda kwenye ndoo dirishani. Nilitoka pale nikiimba barabarani, wazungu wakanipisha.

Sasa nisikilize vizuri. Nakuja nyumbani likizo, na nimekonda. Usije ukanipokea kwa machozi ukidhani ni ugonjwa. Safari ile nyingine ulinizungusha kanisani ukionyesha watu mashavu yangu. "Mnaona vile huko kuna chakula?" Hukujua kwamba kilima cha kwetu nilikipanda nikisimama kwa kila mti, nikijifanya naangalia mashamba.

Wenzangu kazini wanaenda likizo Uhispania, kulala ufukweni. Achieng wa Rhonda pale Nakuru, ninayeishi naye hapa, alinicheka sana.

"Yaani unalipa nauli yote hiyo uende kulima? Wacha ushamba."

Nikamwambia ndiyo, kulima, na kula mboga zetu za managu, na kulala mapema. Bado ananicheka, lakini ameniomba nimletee mbegu za managu.

Kwa hivyo, mama, kreti za soda usinunue. Mbuzi mwache aishi. Na usinikalishe kwenye kiti cha wageni nikiletewa chai ya sukari huku wengine wako shambani. Likizo niliyoichagua ni hiyo ya shambani.

Msalimie kaka yangu Kamau, na umwambie asije na gari kunichukua kwenye steji ya matatu. Msalimie shangazi mshonaji, nguo zangu zote zinamngoja azipunguze. Mchungaji naye mwambie nitasimama kushuhudia, ajiandae kunikatiza.

Jembe la Baba usimpe mtu. Umri nilio nao sasa ndio aliokuwa nao presha ilipomwangusha kwenye kilima kile, akirudi nyumbani. Mimi nitakipanda mpaka juu bila kusimama. Nisubiri mlangoni.

Binti yako akupendaye,
Wanjiru