Kila Mtu Ana Mama Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Mchungaji kapita asubuhi kwenye chumba changu cha cherehani. Nilidhani amekuja kuulizia gauni za kwaya. Kumbe ana lake! Ibada ya kumkumbuka Mama ni Jumapili, na atakayesimama kueleza maisha yake ni mdogo wangu, Tinda. Ana sauti nzuri, kasema. Sauti! Tinda kahamia mbali miaka mingi, anapiga simu sikukuu kwa sikukuu. Mimi niliyemlisha Mama, nikamwogesha, nikamgeuza kitandani — nimeachiwa gauni za kushona. Nikasema sawa, Mchungaji. Nikacheka naye hata. Alipotoka nikashonea mkono wa kulia upande wa kushoto, ikabidi nifumue.

Jumatano, 5 Juni

Wanakwaya wamekuja kujaribu gauni. Kila mtu ana Mama yangu! Muuza mkaa: Mama alimwombea mguu ukapona. Mwalimu wa kwaya: siku alipofiwa na mume, Mama alimshika mkono wakakaa kimya mpaka jioni. Mpaka jioni! Mimi nami nilifiwa na mume. Mama aliniambia, kula, uji unapoa. Nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kujibu. Afadhali.

Mama kaishi miaka tisini na mbili, na kila mtu kaondoka na kipande chake kizuri. Mimi nimebaki na nini? Funga dirisha. Nigeuze. Miwani yangu umeiweka wapi.

Niseme ukweli humu, nani ataona. Hata Yesu nilimwonea wivu. Alfajiri Mama alikuwa akiongea naye kwa sauti laini, sauti ambayo sisi wanawe hatukuwahi kuipata. Nami kitanda cha pili, najifanya nimelala, nimetega sikio kama mke mwenza.

Ijumaa, 7 Juni

Tinda kafika. Kapendeza, kama kawaida yake. Majirani wamemlaki kwa vilio — pole mwanetu, pole! — mimi nikabeba mabegi.

Jioni kajizoeza maneno yake sebuleni, mimi napiga pasi. Kuzaliwa kwa Mama, ubatizo, ndoa, watoto wa watu aliowalea. Hayo sawa. Halafu: Mama aliomba mpaka pumzi ya mwisho.

Si kweli. Wiki ile ya mwisho Mama hakuomba. Alijaribu, maneno hayakuja, akalia kama mtoto. Kisha akaniambia, mwanangu, nimechoka, niombee wewe. Mimi! Mimi ninayekaa karibu na mlango wa kanisa ili niwahi kutoka! Nikababaika. Nikaanza kumweleza Mungu habari za mvua. Mwisho nikasema, mpokee tu huyu, amekutafuta sana. Mama akasema amina. Akanishika kidole, kimoja tu, hakukiachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Hicho ndicho changu. Simpi mtu.

Jumamosi, 8 Juni

Gauni zimeisha. Nilikaa chumbani tulimokuwa tukilala na Mama niandike kidogo, Tinda kaingia bila hodi, macho mekundu. Maneno yamemgomea. Anasema kila akianza anasikia anamweleza mama wa watu. Mama anayemjua yeye ni wa kwenye simu — mzima, anacheka, anauliza watoto wamekula. Halafu kasema: Dada, nakuonea wivu. Wewe ulikuwa naye.

Nimefurahi! Mungu anisamehe, nimefurahi. Miaka yote hii nasubiri mtu aniambie hivyo, na aliyesema ni yeye!

Furaha yenyewe haikudumu. Kauliza: siku zile za mwisho, Mama aliomba nini? Nimwambie ayaseme kesho.

Nimemjibu ngoja nimalize hapa. Hakuna cha kumaliza. Nikinyamaza, kesho atasimama na sauti yake nzuri aseme uongo, kanisa zima lilie, na Mama atakuwa wa wote. Nikisema, atajua kwamba Mama aliishiwa maneno, akaniomba mimi — basi na kile kidole tutagawana.

Amekaa kwenye kitanda cha Mama, upande wa ukutani. Ndipo alipokuwa akilala utotoni, kifuani kwa Mama, mimi nikilala kule peke yangu. Sijageuka. Kauliza tena, polepole: Dada, aliomba nini?