Sindano Kutoka Maskati

Tandika, 4 Machi 1993

Mdogo wangu Talha,

Salaam aleikum. Hujambo huko? Sie wazima, ila mguu wangu haunipi raha. Mashine yako ya stereo imefika na spika zake mbili. Nikaweka santuri ya marehemu mama, ile moja aliyoimba. Wallahi ni kama mtu anakaanga chapati, mama anasikika kwa mbali! Gramafoni la baba halikuwa hivi. Uliliuza ukapate nauli ya huko, mwanangu Salma bado ananyonya, ukasema utaleta zuri zaidi. Sasa Salma anaolewa mwezi wa tano. Siku ya hina nataka bibi yake amwimbie, hajawahi kumsikia. Nifanyeje?

Dada yako,
Nusaiba

Maskati, 22 Machi 1993

Shikamoo dada,

Mie mzima, kazi tu. Mashine ni mpya, ghali, haina kosa. Mkono wake unaoshika sindano ndio mwepesi. Weka sarafu juu ya kichwa cha sindano, kama wafanyavyo watu wote. Na lawama za gramafoni ziishe, dada.

Nduguyo,
Talha

Tandika, 11 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Hali zetu njema, alhamdulillahi. Sarafu imesaidia, mama amesogea! Nampiga kila jioni, nalia peke yangu. Ila sindano inashika unga mweusi, naufuta kwa kanga. Vumbi hilo?

Dada yako,
Nusaiba

Maskati, 7 Mei 1993

Dada, shikamoo,

Acha kuipiga! Nimemuuliza fundi hapa, kanigombeza. Mifereji ya santuri za zamani ni mipana. Sindano ya stereo nyembamba, inazama mpaka chini na kuchimba, na sarafu inazidi kuikandamiza. Unga ule ni santuri yenyewe. Namtuma Badru, mwenzangu wa kazini anayekuja huko, na barua hii na sindano nene. Nisamehe.

Nduguyo,
Talha

Tandika, 2 Juni 1993

Talha,

Hali sikuulizi. Badru amefika jana na barua yako na sindano. Hina ilikuwa wiki iliyopita.

Nilisimamisha ngoma, wanawake wote wakakaa kimya. Nikaiweka. Shiii, mpaka mwisho. Watu wakaanza kutazamana. Salma akaninong'oneza, "Mama, ndo bibi huyo?" Nikamwambia ndiyo. Wakaweka kaseti, wakacheza.

Sindano yako nimeijaribu, nzuri sana. Haikaangi chapati tena. Na mama hayumo.

Usinitumie tena kitu.

Nusaiba