Bibi Hataki Tena Kuniita Mume Wake

Shikamoo Shangazi Zakia, mimi naitwa Abdulrahmani, mkulima wa korosho hapa Kitomanga, nimelelewa na bibi yangu mzaa baba, Bi Batuli, na naomba uniokoe kabla sijachekwa na kijiji kizima, maana jambo lenyewe nikiwaeleza watu wazima wananiuliza kama nina akili timamu.

Mimi nacheza kadi, si karata za kamari, ni zile kadi zenye picha za mashujaa na majini, kila mtu anakusanya zake, anabadilishana na wenzake, kisha anapanga seti yake ya kupigania, na aliyenifundisha ni rafiki yangu Aun mwenye duka la vitambaa Lindi, ambaye dada yake Farheen hajawahi kushindwa na mtu, na mimi nimeapa kumshinda kwa seti ya wachawi watupu. Wenzangu wanaweka askari na mazimwi, mimi wa kwangu wote nimewabadilisha nikapata wachawi, wazee kwa vijana, na mkuu wao ni Malkia wa Radi, ambaye ukimtoa mezani anawaita wachawi waliokwisha kuuawa warudi mchezoni, yaani bila yeye nabaki na watu wenye kofia tu.

Basi siku moja nimezitandaza mkekani, bibi akapita na ungo wake, akaiokota ile ya Malkia, akaitazama weee, akasema, "Nywele mpaka kiunoni, bega nje. Kumbe mume wangu umeoa bila kuniaga." Unaujua utani wa bibi na mjukuu, Shangazi, tangu natambaa ananiita mume wangu, basi akamfunga mke mwenza wake kwenye fundo la khanga, akasema hamtoi mpaka nimvishe yeye kwanza, kama inavyompasa mwanamume anayeongeza mke, na kila nikimdai ananijibu kwamba bado anamfunza mdogo wake kupika.

Mwanzoni nilicheka. Halafu mashindano ya Lindi yakakaribia, nikamkuta barazani anabangua korosho na wenzake, anawaonyesha ile kadi, nikaona kona imeingia mafuta meusi ya korosho, damu ikanipanda, nikasema mbele yao wote, "Bibi, acha ujinga, hivi si vitu vya wazee."

Bibi akaifuta kadi kwa khanga, akanipa. "Chukua, mjukuu wangu."

Tangu siku hiyo mimi ni mjukuu. Chakula napata, salamu napata, "mume wangu" sipati. Alikuwa ameahidi kwenda nami Lindi akamwone huyo Farheen kwa macho yake, sasa ananiambia nenda salama, mjukuu. Nimemwomba radhi jikoni tukiwa wawili, akasema yamekwisha, lakini hayajakwisha. Malkia ninaye, seti imekamilika, na nikizishika hizo kadi sisikii raha hata kidogo. Nifanye nini Shangazi, nimpate tena mke wangu?

Abdulrahmani, Kitomanga

*

Marahaba, mwanangu. Nimecheka mpaka chai ikapoa, kisha nikakasirika kwa niaba ya Bi Batuli.

Hivi wewe una wazimu? Mtani wako anakutania, unamrushia maneno kama umeibiwa ng'ombe. Bibi wa watu hakuvutiwa na karatasi ile. Alikuona umeinamia mkeka, hata kichwa huinui, akatafuta mlango wa kuingia kwenye mchezo wako. Na mlango aliupata, tena mzuri kuliko ambao wewe ungemfungulia. Wewe ukaufunga, na wageni wakiwa barazani.

Sasa nisikilize. Radhi ya jikoni haitoshi. Ulimvunjia heshima mbele ya wabanguaji, utamrudishia mbele ya wabanguaji haohao. Nenda dukani kwa huyo Aun, chukua doti ya khanga. Usikimbilie rangi. Soma maneno kwanza, maana yeye atayasoma kabla hujamaliza kukunjua, na ukiokota yenye kumsimanga mke mkubwa utakuwa umefungua kesi nyingine. Ukishindwa, mwambie Farheen akuchagulie. Atafurahi kukuona unahangaika.

Ukifika barazani, piga magoti. Weka khanga, juu yake weka Malkia, useme, "Mke wangu mkubwa, nimekosa. Nilioa bila kukuaga. Huyu hapa, mpokee au mkatae." Kisha unyamaze. Usijichekeshe kutoka kwenye aibu, acha wao wacheke. Na Bi Batuli akiamua kumrudisha Malkia kwenye fundo la khanga, utakwenda kushindana bila Malkia. Hapo ndipo atakapojua kama umekuja kwake au umeifuata kadi.

Hayo ya kadi siyajui, lakini hata mimi naona seti inayokufa kwa kutoka kadi moja haijapangwa vizuri. Umewatoa askari wote, nani atawalinda hao wazee wako wa kofia wakisubiri zamu? Omba askari wawili watatu kwa Aun. Na mnunulie Malkia kifuko cha plastiki. Mwanamke mwenye hadhi hiyo hakai wazi kwenye mafuta ya korosho.

Halafu siku ya mashindano, Bi Batuli anakwenda Lindi. Kiti chake kiwe jirani na chako, si nyuma ukutani. Atasema kwa sauti, atauliza yule mwenye ndevu ni nani, atamkagua Farheen kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Mwache. Na mchezo ukinoga, atakuita "mume wangu" mbele ya vijana wote wa mjini. Ole wako ujifanye hukusikia. Weka kadi chini, geuka, umwitikie kwa sauti.